Kiko Kilichokwisha Kuvutwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilinusurika kufukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Nilikalishwa kwenye stuli mbele ya gurudumu la msasa, nikapewa kiko kibichi cha mti wa loliondo nikilainishe. Tangu utoto makalio yangu hayapatani na kiti, kwa hiyo nilikikandamiza kiko kwenye gurudumu kwa nguvu zangu zote ili nimalize, nisimame. Mti ukaanza kutoa moshi. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye aproni ya ngozi iliyomfika karibu na vifundo, akaja akasimama nyuma yangu.

"Kijana, unakwenda wapi?"

"Siendi popote, Fundi."

"Sasa mbona unakimbia?"

Alikichukua kile kiko, akapatazama palipoungua, akakitupa kwenye debe la kuni. Hakunifukuza. Alisema ataniacha mpaka jioni aone kama nitajifunza kukaa. Kazi ya viko nimeifanya mpaka nimezeeka, na kukaa sijajifunza hadi leo. Mke wangu Mwanaidi ni shahidi. Hata haya ninayowaandikia ninyi vijana nayaandika nimesimama kwenye meza ya jikoni, na yeye anataka kukatia vitunguu hapo hapo.

Kiwanda chenyewe kilikuwa hapa Moshi mjini, na kimefungwa zamani. Jina lake tuliache lipumzike. Tulichonga viko vya tumbaku vya kupeleka Ulaya. Kama hujawahi kukishika kiko, kijue hivi: kuna bakuli, ndimo inamokaa tumbaku, kuna shingo inayotoka kwenye bakuli, na kuna mrija wa kutia mdomoni. Ndani ya shingo hupita tundu la moshi, jembamba kama kijiti cha kiberiti, na hapo ndipo ilipo roho ya kiko. Tundu likitokea chini kabisa ya bakuli, utavuta mpaka yabaki majivu matupu. Likitokea juu kidogo, chini hubaki tope la tumbaku mbichi, na mvutaji anakunywa maji machungu. Hayo alinifundisha Fundi Mkuu huku amenishika bega nisiinuke.

Baada ya mwaka hivi alichoka kunishika bega. Akanipeleka chumba cha ukaguzi, ambako watu hufanya kazi wamesimama. Mkubwa wa huko alikuwa Mama Mkaguzi, mwanamke wa Kibosho, mrefu, mkimya, mwenye miwani moja puani na nyingine kichwani. Mezani pake palikuwa na masanduku matatu. La kwanza lilikuwa la viko safi vya kwenda melini, na la mwisho lilikuwa la kuni. La katikati ndilo lililonilisha mimi na wanangu. Humo vilitiwa viko vya kasoro, ambavyo sisi tuliviita chongo, kwa sababu mzizi wa mti ukiwa umemeza mchanga, ukiuchonga hutokeza kishimo kama jicho lililopofuka.

"Kilowanishe," Mama Mkaguzi aliniambia siku ile, akanipa kiko kinachong'aa, sikuona ila yoyote.

Nikakipitishia kidole chenye maji. Mti mzima ukaiva rangi, isipokuwa doa moja dogo lililobaki jeupe.

"Hapo pamezibwa kwa gundi na unga wa mbao," alisema. "Mti hunywa maji, gundi hainywi. Sasa utakiweka sanduku gani?"

"La kuni, Mama."

"Una haraka ya kuchoma mali za watu wewe. Hiki kitavutika vizuri, kina aibu ya usoni tu. Kiweke katikati. Na siku utakayokiuza, mwonyeshe mnunuzi hilo doa kabla hajaliona mwenyewe."

Nilimkasirikia, maana nilikuwa kijana wa kukasirikia kila kitu, lakini nililishika neno lake. Nilipohamishwa kwenda dirisha la kasoro, ambako wenyeji waliruhusiwa kununua chongo, nilikuwa naonyesha kasoro kwanza ndipo nasema bei. Wateja wengine waliona nina wazimu. Na wewe ukitaka kununua kiko cha kasoro leo, popote utakapokikuta, fanya kama tulivyofanya. Gonga bakuli kwa ukucha. Sauti ikiwa butu, kuna ufa. Pitisha unyoya wa kuku kwenye tundu la moshi uone ncha inatokea wapi. Kishimo cha nje usikiogope hata kidogo. Kishimo cha ndani ya bakuli kikimbie, kwa sababu moto utakichimba hicho hicho mpaka utokee upande wa pili, na utakuja kunitukana bure.

Halafu Meneja Mauzo akagundua jambo. Watalii wanaoteremka mlimani walikuwa tayari kununua chongo, ila walilalamika kwamba kiko kipya kinaunguza ulimi. Ni kweli. Kiko kipya kina ladha ya mti mbichi na moto wake ni mkali, kwa sababu bakuli halijapata ukoko. Ukoko ni ule mweusi unaojijenga ndani kidogo kidogo, kama ukoko wa wali kwenye sufuria, na ndio unaoukinga mti. Unapaka ndani asali iliyochanganywa na majivu, unajaza tumbaku theluthi ya bakuli, unavuta polepole mpaka chini, unakiacha kipoe na kilale. Ukirudi unajaza nusu, kisha unaongeza, hivyo hivyo mpaka bakuli zima. Ukivuta kwa pupa, unakiua. Kazi hiyo tuliiita kufunda, kama anavyofundwa mwali, na aliyeifanya wakamwita kungwi.

Nani akapewa ukungwi? Mimi. Mtu asiyeweza kukaa ndiye aliyepewa kazi ya watu wapole. Wenzangu walijaribu wakakohoa wiki nzima, na mmoja alizimia, basi Meneja Mauzo akaona heri huyu mwenye mapepe kuliko kumwagia mtu maji kila siku.

Mwanzo niliviharibu. Nikikaa navuta kwa hasira, na bakuli linakuwa la moto huwezi kulishika. Methali zote za subira nilipigiwa, hazikuniingia. Kilichonisaidia ni miguu. Siku moja nilitoka nje na kiko mdomoni nikawa nauzunguka ukuta wa kiwanda, nikaona kwamba nikitembea, pumzi inajipanga yenyewe, na kiko kinabaki na joto la mkono wa mtoto. Tangu hapo nilifunda viko nikitembea. Nilikwenda mpaka sokoni, nikapitia stesheni, nikarudi. Wauza ndizi wakiniona na moshi wangu wanaitana, "Oneni, treni imefika leo." Mwezi wa Ramadhani nilikuwa siwezi kufunda mchana, viko vinarundikana mezani, na Meneja Mauzo ananiuliza kila asubuhi, kwa upole kabisa, kama nina hakika mwezi haujaandama.

Kiwanda kilipofungwa watu walilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshaanza kuwaza pa kwenda. Nilipata kibanda nyuma ya soko, na viko vyenyewe nikawa navifuata Tarakea, mpakani, kwa wafanyabiashara waliovileta kwa magunia kutoka upande wa Kenya, chongo vitupu. Nilivimwaga chini, nikalowanisha, nikagonga, nikachagua. Nilivyovifunda nikavipeleka kwenye mahoteli. Vibichi, ambavyo havijavutwa, nikavipandisha mlimani, kwa wazee wa Marangu na Kibosho wanaovuta jioni wakitoka kukatia ng'ombe majani. Wale wazee hawakutaka kilichofundwa hata ningewapunguzia bei. Kila mmoja alisema, "Nipe kibichi." Nilidhani ni ubahili. Nilifanya nao biashara miaka mingi nikiamini hivyo, na hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu sikuuliza. Nani ana muda wa kuuliza?

Sasa niwaeleze kazi yangu ya mwisho.

Ilikuwa majuma machache kabla ya Krismasi, si zamani sana. Alikuja kibandani kijana mmoja wa Marangu, Elibariki, namwita kijana ingawa ana watoto wanaosoma sekondari. Baba yake, Mzee Ndekirwa, alikuwa mteja wangu wa siku nyingi.

"Shikamoo, mzee Rajabu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini usikae. Sema umesimama, tutamaliza mapema."

Hakumaliza mapema. Elibariki ni kitinda mimba, na kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi na kurithi kihamba, yaani lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa ambamo mababu wenyewe wamezikwa. Mwaka uliotangulia baba yake alilazwa hospitali muda mrefu. Yeye akatumia nafasi hiyo kuing'oa mibuni ya babu yake, yote, akapanda parachichi za kuuza nje. Mzee alipoletwa nyumbani alishuka kwenye gari akasimama, akaangalia, akaingia ndani. Tangu siku ile hakumsemesha tena mwanawe.

"Umepeleka isale?" nilimuuliza. Hata sisi wa mjini tusio Wachagga tunajua kwamba mtu akija kwako na tawi la isale mkononi kuomba msamaha, huwezi kumfukuza.

"Nilipeleka. Alilipokea vizuri, akasema asante. Kisha akachukua jembe akalipanda katikati ya nyumba yake na yangu."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Isale hilo hilo la kuombea msamaha ndilo wanalopanda kwenye mipaka ya mashamba.

Elibariki hakucheka. Alisema mama yake amemnong'oneza kuwa Krismasi, ukoo wote ukishapanda kutoka Dar na Arusha, mzee atasimama atangaze kwamba kihamba kitakwenda kwa mtoto wa kaka yake aliyeko Rombo.

"Na si shamba tu, mzee wangu. Anapita mbele yangu kama anapita mbele ya mgomba. Wanangu wananiuliza kama babu haoni." Akajifuta uso kwa kofia. "Kiko chake kimepasuka. Nataka unitafutie kizuri kabisa, na ukifunde, kisimuunguze ulimi. Sitaki apate hata pa kulalamikia."

"Baba yako siku zote huchukua kibichi."

"Anachukua kibichi kwa sababu ya bei. Kifunde, mzee."

Basi nikakifunda. Nilichagua chongo cha loliondo chenye kishimo kidogo shingoni, tundu limetoboka mahali pake. Nikatembea nacho asubuhi na jioni, wauza ndizi wakatangaza treni yao, mpaka ukoko ukatanda laini kama ngozi ya maziwa. Ile kazi ilinipa shida kifuani, na daktari alikuwa ameshanionya, lakini nilitaka kiwe kizuri. Yule kijana alinitia huruma. Nilitaka baba yake amwambie japo neno moja.

Aliniomba nimsindikize, kwa kuwa peke yake alikuwa anaogopa. Tulipanda na kigari chake cha pikapu cha kubebea miche ya parachichi, tukakiacha chini kanisani, maana mzee hakutaka hata kukiona, tukamalizia kwa miguu katikati ya migomba. Nilifurahi kutembea. Elibariki alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino, nami namvuta mkono.

Mzee Ndekirwa alikuwa barazani kwenye kigoda, mdomo mtupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rajabu. Umekuja peke yako mlima wote huu?"

"Nimekuja na mwanao huyu hapa."

Aliangalia pale aliposimama Elibariki, akaangalia migomba iliyo nyuma yake, akasema, "Simwoni mtu."

Mama Elibariki alitoka jikoni akanikaribisha, akasema mtori wa ndizi na nyama uko motoni, nisiondoke. Elibariki akapiga magoti, akakitoa kile kiko kwenye kitambaa, akamnyooshea baba yake kwa mikono miwili. Mzee hakunyoosha mkono. Tulikaa hivyo mpaka mimi nikashindwa kuvumilia, nikakitwaa kwa Elibariki nikampa. Kutoka kwangu alipokea. Alikigonga kwa ukucha, akaitikia kwa kichwa. Alipoona kishimo cha shingoni hakujali. Kisha akakinusa, akaingiza kidole kidogo ndani ya bakuli, na kidole kikatoka cheusi.

"Hiki kimevutwa."

"Ndiyo, mzee," nikasema kwa majivuno. "Nimekifunda mwenyewe. Hakitakuunguza."

Alikiweka chini, taratibu, mbali na miguu yake. Akamwita mkewe, na mkewe akaja na mwiko mkononi.

"Mama Elibariki, nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kwa nini?"

"Nimeletewa kiko kilichokwisha kuvutwa."

Yule mama alikitazama kiko, akamtazama mwanawe, akaziba mdomo kwa kiganja. "Jamani, Elibariki," akasema. "Hukuniuliza?"

Ndipo nilipoelezwa kitu ambacho ningekijua miaka mingi nyuma kama ningekuwa mtu wa kukaa na kuuliza. Katika ukoo wao, na koo nyingi za kule mlimani, kiko kikishavutwa hakiuzwi wala hakitolewi zawadi. Kinabaki kinywani mwa mwenyewe mpaka afe, na baada ya maziko ndugu wanampa mrithi, anakivuta mbele yao. Kwa hiyo kiko cha kuvutwa kinapita mkono kwa mkono siku moja tu. Kumletea mzee aliye hai kiko cha namna hiyo ni kumwambia kwamba nyumbani kuna matanga. Na kumletea wakati ule wa ugomvi wa kihamba, kukiwa na mtu wa Rombo anayesubiri, ni kumwambia kwamba matanga yenyewe ni yake. Elibariki hakujua. Babu yake alikufa yeye hajazaliwa, na mambo ya msiba mtoto huyajua msiba ukifika.

Mimi nilitaka kuondoka. Nasema kweli, miguu ilikuwa imeshageuka. Ila Elibariki alikuwa bado amepiga magoti pale, na ningemwachaje?

"Baba, sikujua," akasema.

Mzee akamgeukia. Alimtazama usoni, na mama mtu akashika nguzo ya baraza.

"Hukujua," mzee akasema. "Na kahawa pia hukujua?"

Mimi nilimwombea kimoyomoyo aseme hakujua. Angeweza kusema bei ilikuwa mbaya, mibuni ilikuwa na ugonjwa, wataalamu walishauri. Yote hayo alikuwa ameniambia mimi njiani. Lakini alisema:

"Kahawa nilijua, baba. Nilingoja ulazwe kwa sababu nilijua. Kiko ndicho sikujua."

 Kuku walipita uani, mtori ukaanza kunukia kuungua, hakuna aliyekwenda kuuangalia. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Hatimaye mzee akaniuliza bila kunitazama:

"Rajabu, kibichi unacho?"

Kwenye mfuko sikosi. Nikatoa chongo kimoja, na kwa mazoea nikaanza kumwonyesha doa, akanikatiza, "Naliona, nipe." Alitia tumbaku yake kidogo tu, chini ndani ya bakuli, akawasha. Kilimuunguza. Niliona shavu linavyoruka, nikaona anavyoutoa ulimi nje kuupepea kama mtoto aliyeonja chai ya moto. Aliendelea kuvuta mpaka ile tumbaku ikaisha, akakung'uta majivu kwenye kisigino, akakifuta kiko kwa shati lake. Kisha akamnyooshea mwanawe.

"Shika."

Elibariki hakuelewa. "Hicho ni chako, baba."

"Kimevutwa hiki. Kikishavutwa kinakwenda kwa nani?"

"Kwa mrithi. Lakini wewe hujafa."

"Ningoje nife ndipo nikupe? Nikishakufa nitakusemesha na nini?" Sauti yake ilikwaruza, akakohoa akaificha humo. "Mwaka mzima nimekaa hapa kama bubu. Nimechoka. Shika, mkono unaniuma."

Elibariki alishika. Alitaka kusema asante, akashindwa, akainamisha kichwa kwenye magoti ya baba yake, na mzee akamwacha hapo, kiganja chake juu ya shingo ya mwanawe. Mama Elibariki alirudi jikoni haraka, na tulimsikia akilia huku anakwangua sufuria.

"Na kule chini mtoni utanipandia kahawa," mzee akasema juu ya kile kichwa. "Si parachichi. Kahawa."

"Ndiyo, baba."

"Kesho."

"Kesho, baba."

Nami nilikuwa nalia, kwa nini nifiche? Nikaona sasa wakati wa kwenda zangu umefika. Nikaokota kile kiko nilichokifunda ili nikirudishe kwenye mfuko. Mzee akanizuia kwa mkono.

"Unakwenda nacho wapi?"

"Si umekikataa, mzee?"

"Nilikikataa nikiwa hai. Urithi nimeshagawa, mrithi ameshika, mashahidi wapo. Sasa si mimi ndiye marehemu? Nipe."

Akakijaza mpaka ukingoni, akawasha, akavuta.  Moshi ulitoka polepole puani, na uso wake ukalainika.

"Kumbe wafu tunafaidi hivi," akasema.

Krismasi mzee alisimama mbele ya ukoo akatangaza alichotangaza, na yule wa Rombo, niliambiwa, alikula nyama yake akarudi kwao salama. Mimi baada ya kuteremka siku ile sikufunda kiko kingine. Kifua kilikataa, daktari akaniambia maneno ambayo Mwanaidi ameyakariri na ananisomea kila nikigusa kiberiti. Kibanda nimekirudisha kwa mwenyewe. Vijana, msinunue viko. Mnunue miche, au chochote mnachotaka. Ila kama kazi yako ni ya kuwahudumia watu, waulize kwa nini wanataka wanachotaka, hata kama una haraka. Mimi niliwauzia wale wazee nusu ya maisha yangu nikiwaita wabahili moyoni.

Na kustaafu nakuogopa, nasema wazi. Asubuhi naamka nimeshavaa viatu ndipo nakumbuka sina pa kwenda. Nazunguka mpaka stesheni, narudi, na wauza ndizi siku hizi hawatangazi chochote kwa sababu hakuna moshi. Usiku nahisi kama nimeshahesabiwa pamoja na waliotangulia, ila hakuna aliyenipa taarifa.

Ndiyo maana mara moja moja napanda Marangu. Majuzi nilimkuta Mzee Ndekirwa barazani na kiko chake kile kile, anamwelekeza Elibariki kwa fimbo mahali pa kuchimba mashimo mengine ya mibuni karibu na uani. Nilimwamkia, nikaanza kuzunguka uani, naangalia ng'ombe, naangalia mashimo, naangalia barabara. Alinivumilia mpaka akachoka, akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa chini, Rajabu," akasema. "Sisi wafu hatuna haraka."

Nikakaa. Mama Elibariki alipoleta mtori, alinikuta nimeshasimama.